Jeki ya pikipiki chini ya injini ya Beetle: inapofaa na inapokwama

Kati ya vifaa vinavyouzwa kwa kazi ya kushusha injini ya Volkswagen Beetle ya zamani, jeki ya kuinulia pikipiki ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye gari anayefanya kazi nyumbani na kwa gereji ndogo. Ni ile yenye fremu pana ya chini, magurudumu manne madogo, mikono miwili mirefu ya chuma iliyovikwa raba, na kanyagio la kupampu. Nyingi hubandikwa kibandiko cha pauni 1,500, yaani kilo 680. Injini ya Beetle ya 1600 ikiwa na vikorombwezo vyake ni takriban kilo 110, kwa hiyo nguvu ya jeki haina shaka hata kidogo. Mashaka yako kwenye kimo, sakafu na pembe, na hayo matatu muuzaji hatakutajia.

Injini ya gari hili haina raba zake za kukalia. Imening'inia nyuma ya giaboksi kwa bolti nne, zote za spana namba 17, na hutoka kwa kurudi nyuma kisha kushuka chini. Gari lililoshinda Safari Rally ya 1954, 1957 na 1962 halina fumbo lolote hapo. Ndiyo maana kreni ya kukunja, ambayo ni ya lazima kwa Land Rover ya zamani au Peugeot 404, kwa Beetle haina injini ya kuinua. Kazi yake pekee ni kunyanyua mwili wa gari baada ya injini kuwa chini. Ushindani wa kweli ni kati ya jeki ya pikipiki na jeki ya kawaida ya magurudumu ya tani 2, ile ya kijani au nyekundu iliyopo kila gereji.

Jeki ya kawaida ina kisahani kimoja kidogo. Ukikiweka katikati ya tumbo la injini, kinaangukia kwenye kifuniko cha mviringo cha chujio la oili, kilichofungwa kwa nati sita za M6. Kifuniko hicho ni bati tu, na studi zake zimeingia kwenye mwili wa injini uliosubiwa kwa aloi ya magnesi. Magnesi ni laini: nati hizo hukazwa kwa Nm 7 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na zikizidishiwa hung'oka na uzi wake. Kubebesha kilo 110 hapo ni kuomba kifuniko kipinde na oili ianze kudondoka ndani ya mwezi mmoja tu. Ukisogeza kisahani pembeni, injini inaegemea upande. Jeki ya pikipiki inashinda hapa kwa sababu mikono yake miwili hugawa uzito na kuacha nafasi katikati.

Hata hivyo mikono hiyo nayo ina hatari yake, na wengi hawaioni hadi wamekwisha kuharibu. Chini ya silinda, kila upande, kuna mirija minne myembamba ya bati inayopitisha fito za kusukuma valvu. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za upande wa chini. Mkono wa jeki ukigusa mirija hiyo, unaikunja au unaisogeza kwenye sili zake, na injini iliyokuwa kavu inarudi kwenye gari ikivuja. Dawa ni ubao. Kata plaiwudi ya milimita 18, upana wa kutosha kulala juu ya mikono yote miwili, na utoboe tundu katikati lililo kubwa kuliko kifuniko cha chujio. Ubao ubebe mwili wa injini wenyewe, kwenye mapezi ya sampu (sehemu ya chini inayokusanya oili) kuzunguka tundu hilo. Chungulia kwa tochi pande zote kabla ya kupampu: masanduku ya hita na mirija visiguse kitu. Ubao huu hauji na jeki, na bila ubao hatuipendekezi kabisa.

Kabla jeki haijaingia, gari litayarishwe. Betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma, itolewe waya wa hasi kwanza. Magurudumu ya mbele yawekewe vigingi, kwa kuwa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, nayo yatakuwa hewani. Stendi mbili zikae chini ya ncha za bomba nene la tosheni, lile linalobeba springi za nyuma, mbele ya magurudumu ya nyuma, si chini ya giaboksi. Ndani ya chumba cha injini toa kichujio cha hewa, nyaya za kabureta, waya wa koili, waya wa swichi ya presha ya oili na nyaya za dinamo. Hizi za dinamo zifungie utepe wenye alama, kwa maana ule mnene wa D+ na ule mwembamba wa DF vikibadilishana, regyuleta, kidhibiti cha chaji, huweza kuungua mara injini inapowashwa. Kebo ya aksileta ilegezwe kwenye kabureta na ivutwe itoke upande wa mbele wa nyumba ya feni. Bomba mbili za hewa ya hita zichomolewe. Bati la nyuma, lile linalozunguka puli ya krenki, nalo lifunguliwe.

Chini ya gari kuna kebo mbili za hita, moja kila upande, na mpira wa petroli. Huu mpira uheshimiwe. Tanki liko mbele na liko juu kuliko mahali unapoukata, kwa hiyo petroli haitasubiri pampu. Itamwagika yenyewe hadi uizibe. Ubane mpira kwanza, kisha uuchomoe, kisha uutie bolti ya M6 na kuifunga kwa klipu. Usifanye hivyo karibu na taa ya balbu au jiko la mkaa la mama lishe wa jirani. Injini ya magnesi ikishika moto, kuimwagia maji huongeza balaa.

Kebo ya klachi haina haja ya kuguswa. Beringi ya klachi na uma wake hubaki ndani ya giaboksi. Kuna mafundi wanaoifungua kwa mazoea ya magari mengine, na hiyo huongeza kazi ya kurekebisha pedali bila faida.

Sasa bolti nne. Mbili za chini ni nati kwenye studi, zinafikiwa kwa urahisi ukiwa umelala. Mbili za juu ziko nyuma ya nyumba ya feni na hufunguliwa kwa kupapasa. Ile ya juu kulia, ambayo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni upande wa dereva, ndiyo pia bolti ya juu ya stata. Kichwa chake kimekatwa bapa upande mmoja ili kijishike chenyewe, lakini kikiwa kimechakaa huzunguka pamoja na nati, hapo mtu wa pili lazima akishike kutokea chini kwenye stata. Anza na za juu, maliza na za chini. Jeki iwe imeshapandishwa na kugusa ubao kabla ya nati ya mwisho kutoka, bila kuinua gari. Kipimo cha kuwa imefika ni kwamba nati za chini zinazunguka kwa vidole bila kubanwa.

Hapa ndipo jeki ya pikipiki inapoonyesha ubora wake. Injini inatakiwa irudi nyuma kama sentimita 10 ikiwa imenyooka kabisa, hadi shafti ya giaboksi itoke kwenye klachi. Katika sentimita hizo, uzito wa injini usiegemee shafti hata kidogo. Ukiegemea, kitovu cha diski ya klachi hupinda, na sili ya shafti huchanika. Fremu pana ya jeki huzuia injini kuyumba kushoto na kulia, na magurudumu mawili yasiyogeuka huilazimisha kwenda mstari mmoja. Jeki ya kisahani kimoja hutaka mtu wa kushika injini kila upande. Kwa jeki ya pikipiki, mtu mmoja anavuta na mwingine anachungulia.

Ila kuna jambo la kujua kuhusu mikono yake. Haipandi wima. Hupanda kwa upinde, yaani kila inaponyanyuka husogea pia kidogo kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo unapopampu au kushusha injini ikiwa bado kwenye shafti, breki za magurudumu ya jeki ziwe zimeachiwa, ili jeki yenyewe isogee chini ya injini badala ya kuivuta injini. Kufunga breki hizo kwa kudhani ni usalama ndilo kosa la kwanza la wanaoitumia.

Kimo ndicho udhaifu wake mkubwa. Nyingi huanzia sentimita 11 au 12 na kuishia kati ya 37 na 42. Hiyo inatosha kuifikia injini gari likiwa juu ya stendi na kuishusha hadi chini, lakini haitoshi kuipitisha chini ya ukingo wa nyuma wa mwili. Injini iliyo na nyumba ya feni, ikiwa juu ya jeki iliyoshushwa kabisa, inataka uwazi wa takriban sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Pima yako kabla, kwa utepe, wala usikisie. Stendi za kawaida za tani 3 hazifiki huko. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuinua mwili hatua kwa hatua kwa kreni au jeki ya pili, stendi ndefu zikifuata kila hatua. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoiona bora kwa karakana ya nyumbani, ni kutoa kabureta, dinamo na nyumba ya feni injini ikiwa bado garini. Kimo hupungua sana, na uzito pia. Chunga tu kipoza oili, kilichosimama juu ya mwili wa injini upande wa kushoto: baada ya nyumba ya feni kutoka, kinabaki wazi na kinagongwa kwa urahisi kinapopita chini ya ukingo. Kunyanyua gari kwa bampa huku watu wanne wakishika na wa tano akivuta injini hatukukubali; mabano ya bampa ya magari haya mara nyingi yameliwa na kutu, hasa yaliyoishi Mombasa, Tanga au Dar.

Sakafu nayo haina huruma. Magurudumu ya jeki ni madogo na magumu. Kwenye saruji laini yanateleza vizuri. Kwenye changarawe, vigae vilivyovunjika au udongo wa chini ya mwembe hayaendi kokote, na kilo 110 zilizo juu huanza kuinama. Karatasi mbili za plaiwudi za milimita 18, zikiwekwa mwisho kwa mwisho juu ya udongo uliosawazishwa, hutibu jambo hilo. Funga injini kwenye jeki kwa mkanda wa rachet kabla ya kuisogeza zaidi ya ile sentimita 10 ya kwanza. Vishikizo vya mkanda vilivyoko kwenye fremu ndicho kitu kingine ambacho jeki ya kawaida haina.

Injini ikishakuwa nje, vipo vitu vidogo ambavyo ni kosa kuvirudisha vikiwa vya zamani. Sili ya nyuma ya krenki, iliyo nyuma ya flaiwili, gurudumu zito la krenki linalobeba klachi. Sili ya shafti ya giaboksi. Bushi ya stata iliyogongewa ndani ya nyumba ya giaboksi, ambayo ikiisha hufanya stata ilalamike na kugoma ikipata moto. Beringi ya klachi. Beringi ya sindano iliyo ndani ya nati kubwa ya flaiwili, ambayo angalau isafishwe na kupakwa grisi kidogo, si kujazwa. Kujua ipi kati ya sili mbili imevuja, nusa: oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa, ya injini haina.

Nati ya flaiwili ni ya soketi ya 36 na hukazwa kwa Nm 343. Hicho si kipimo cha kupiga nyundo kwenye spana. Tafuta gereji yenye spana ya toki ndefu au kizidishi cha toki. Kabla ya kuikaza, mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na unarekebishwa kwa shimu (pete nyembamba za kujazia) tatu, daima tatu. Bolti za presha pleti, bamba linalobana diski ya klachi, ni Nm 25, zikazwe kwa kupishana, robo mzunguko kwa robo mzunguko, diski ikiwa imewekwa katikati kwa shafti ya mfano. Shafti ya zamani ya giaboksi iliyokufa ndiyo kifaa bora kuliko ya plastiki inayouzwa na vifaa vya klachi.

Unaponunua klachi, taja mambo mawili dukani. Kipenyo: milimita 180 kwa injini ndogo za zamani, 200 kwa za 1600. Na aina ya beringi: hadi mwaka 1970 presha pleti ina pete katikati ambayo beringi huigusa, kuanzia modeli ya 1971 beringi hutembea juu ya bomba la kuongoza na pleti haina pete. Ukichanganya, klachi hukwaruza au haiachii, nawe utaishusha injini tena. Gari lililobadilishwa kutoka volti 6 kwenda 12 lihesabiwe meno ya flaiwili: 109 ni ya volti 6, 130 ni ya volti 12.

Kurudisha ndiko kunakopima kifaa. Jeki hii inapandisha vizuri, inashikilia kimo chake kwa kizuizi cha chuma, lakini haina namna ya kuinamisha injini mbele au nyuma. Shafti na klachi vinataka pembe moja kamili, na stendi zikiwa zimeinua nyuma ya gari, giaboksi inainamia mbele. Kwa hiyo injini iliyolala sambamba na sakafu haitaingia. Weka kabari mbili za mbao kati ya ubao na mkono wa jeki, upande wa puli, ukiziongeza kidogo kidogo hadi uwazi kati ya uso wa injini na uso wa giaboksi uwe sawa juu na chini. Upime kwa jicho kutoka pande zote mbili, au kwa vipande viwili vya ubao vyenye unene mmoja. Mafundi wa kuchomelea wa Gikomba, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kukutengenezea kitanda cha chuma chenye skrubu mbili za kurekebisha pembe hiyo, kikae juu ya mikono. Kwa gereji inayoshusha injini mara kwa mara, kitanda hicho kina thamani kuliko jeki yenyewe.

Kasoro ya pili ni ile ile sifa ya magurudumu yasiyogeuka. Yanakwenda mstari mmoja vizuri, lakini ukihitaji kusogeza injini milimita 5 kushoto, jeki inagoma. Suluhisho ni kuacha ubao uteleze juu ya mikono: paka mafuta ya grisi kidogo kwenye raba, kisha sukuma ubao wenyewe.

Giaboksi iwe kwenye gia ya nne. Pitisha kebo ya aksileta kwenye kibomba chake cha nyumba ya feni kabla injini haijafika, kwa kuwa baadaye mkono hauingii. Sukuma hadi shafti iguse meno ya diski, kisha mtu mmoja azungushe krenki polepole kwa spana ya 30 kwenye puli huku mwingine akiendelea kusukuma kwa upole. Meno yakikubaliana, injini huingia yenyewe hadi nyuso mbili zigusane au zibakize upenyo mwembamba. Isipoingia, rudisha nyuma, rekebisha pembe, anza tena. Usiivute kwa kukaza nati. Nati zitaivuta kweli, na zitakunja diski au kupasua masikio ya giaboksi, na hilo la mwisho halina tiba ya bei nafuu. Zikishafika kwa mkono, kaza zote nne kwa Nm 30, kwa kupishana.

Mpira wa kuziba unaozunguka injini yote, kati ya mabati na mwili wa gari, urudishwe ukiwa mzima. Bila huo, feni hunyonya hewa iliyokwisha kuchemka kwenye silinda na ekzosi chini ya gari, na silinda ya tatu, ambayo kwa injini zenye kipoza cha zamani tayari ndiyo hupata hewa moto zaidi, huwa ya kwanza kufa. Mpira wa petroli uwe mpya, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5 hadi 5.5. Wa robo inchi unaouzwa kila duka ni legevu kwenye bomba la milimita 6, hata ukiukaza klipu hadi mwisho. Oili ni lita 2.5. Zungusha stata waya wa koili ukiwa umechomolewa hadi taa ya oili izimike, ndipo uuchomeke. Mkanda wa feni ukubali kubonyea milimita 15 kwa kidole gumba. Pedali ya klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20. Kisha lala chini tena na uangalie petroli kabla gari halijatoka kwenye stendi.

Ukienda kununua jeki yenyewe, usikubali kuiona ndani ya boksi. Iwekwe sakafuni, fungua valvu na uipampu mara kadhaa ili hewa itoke, kisha ifunge na uipandishe mtu mzima akiwa amesimama juu ya mikono ya jeki. Angalia kizuizi cha chuma kama kinaingia katika kila hatua. Kisha ishushe polepole: valvu nzuri huruhusu ishuke sentimita moja moja, mbovu huiachia yote kwa mkupuo, na hiyo usiichukue kwa punguzo lolote la bei. Tazama kama mikono miwili iko sawa kimo, kwa kuweka rula ndefu juu yake. Nyingi za bei ya chini zimechomelewa kombo. Magurudumu ya chuma ni bora kuliko ya nailoni. Mwisho, uliza kama sili ya pampu inauzwa peke yake, kwa maana ndiyo itakayokufa kwanza, na jeki isiyo na sili dukani ni ya kutumika msimu mmoja.